Baridi haikumdhuru sungura kama sanduku lilivyomdhuru

Mwezi wa sita unapoingia, mvua inakatika na usiku wa milimani unabadilika. Kule Masisi, Lubero na kwenye nyanda za juu za Minembwe, watu wanaamka wamejikunyata. Hata wakaaji wa Goma na Bukavu, miji iliyo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wanatafuta makoti. Kwa familia inayofuga sungura, jambo la kwanza linalokuja akilini ni kumfungia mnyama. Kikasha kinafunikwa gunia, mlango unakazwa kwa kamba, na sungura anakaa ndani usiku na mchana mpaka joto lirudi.

Nia ni njema. Sungura mmoja jike anaweza kuwa mboga ya familia, daftari za watoto au nauli ya kumfikisha mgonjwa kwenye kituo cha afya. Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha ng'ombe na mbuzi nyuma, mara nyingine huyo ndiye mfugo pekee uliobaki. Hakuna anayetaka kumpoteza kwa sababu ya baridi.

Lakini mnyama huyu ana historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika nchi zenye baridi kali kuliko ya Kivu. Historia hiyo inaonyesha kwamba sungura mzima, mkavu na aliyeshiba anaiweza baridi. Kilichomlemaza na kumfupishia maisha, mara nyingi kuliko theluji yenyewe, ni sanduku dogo alilofungiwa na watu waliodhani wanamkinga. Iliwachukua watu hao zaidi ya miaka mia moja kuligundua hilo.

Sungura wa hadithi si huyu wa bandani

Ni vizuri kwanza kutenganisha wanyama wawili ambao Kiswahili kinawaita kwa jina moja. Yule sungura mjanja wa hadithi za jioni, anayemshinda fisi na kumdanganya simba, ni mnyama wa porini wa Afrika. Halali shimoni. Analala juu ya ardhi, kwenye majani, na anategemea mbio zake. Watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, na baada ya muda mfupi wanaweza kujisogeza wenyewe.

Sungura wa kufugwa ni mnyama mwingine. Asili yake ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, pamoja na kusini mwa Ufaransa. Yeye ni mchimbaji. Anaishi kwa makundi ndani ya mashimo marefu yenye vyumba na milango mingi. Watoto wake wanazaliwa uchi na vipofu, ndani ya kiota ambacho mama amekitandika kwa manyoya aliyojing'oa kifuani.

Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu baridi. Shimo lililo chini ya ardhi halina upepo, halilowi ovyo, na joto lake halipandi wala kushuka sana kati ya mchana na usiku. Sungura wa Iberia alilala humo wakati wa hatari na hali mbaya ya hewa. Alfajiri na jioni alitoka, akala majani, akakimbia, akaruka, akasimama kwa miguu ya nyuma kuangalia kama adui yuko karibu, kisha akarudi. Maisha yake yalikuwa na sehemu mbili: mahali pakavu pa kujificha na uwanja wa kukimbilia. Yote yaliyofuata katika historia yake yanahusu namna watu walivyozigusa sehemu hizo mbili.

Wafoinike, Warumi na ukuta wa mawe

Wafanyabiashara wa Foinike, waliotoka pwani ya Lebanoni ya leo, walifika Iberia zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano iliyopita. Wanahistoria wengi wanaeleza kwamba walipowaona sungura wengi wakiingia na kutoka kwenye mashimo, waliwafananisha na mnyama waliyemfahamu kwao, yaani pimbi, yule anayeota jua juu ya miamba hata katika milima ya Afrika. Wanasema pia kwamba jina Hispania huenda limetokana na maneno ya Kifoinike yenye maana ya nchi ya pimbi. Asili ya jina hilo bado inabishaniwa, lakini kisa chenyewe kinaonyesha jinsi sungura walivyokuwa wengi huko.

Warumi walipoitawala Iberia walimpenda sungura kwa nyama. Mwandishi wao Varro, katika kitabu cha kilimo alichokiandika mwaka 37 kabla ya Kristo, alieleza viwanja vilivyozungushiwa kuta, ambamo wanyama wa jamii ya sungura waliwekwa. Ukuta ulizuia mbweha na wezi. Ndani yake mnyama alibaki na nafasi ya kukimbia, majani ya kula na mahali pa kujificha.

Warumi walijifunza pia kwamba sungura si mnyama dhaifu. Katika visiwa vya Baleari, vilivyo katika bahari ya Mediterania, sungura waliongezeka mpaka wakaharibu mavuno. Pliny Mzee aliandika kwamba wakaaji wa visiwa hivyo walimwomba Kaisari Augusto msaada wa askari ili kupambana nao. Mnyama anayeweza kuwafanya watu waombe jeshi hawezi kuitwa mnyonge.

Kuna kisa kilichorudiwa sana vitabuni, kwamba watawa wa Ufaransa walimgeuza sungura kuwa mnyama wa nyumbani karibu mwaka 600, baada ya papa kuruhusu watoto wa sungura waliwe wakati wa mfungo. Mwaka 2018 watafiti walichunguza kisa hicho na kuonyesha kwamba hakina msingi. Hakuna siku moja wala amri moja iliyomleta sungura nyumbani. Aliingia polepole, karne baada ya karne, kutoka uwanja wenye ukuta mpaka banda, na kutoka banda mpaka kisanduku.

Vichuguu vya Uingereza

Karne ya 12, Wanormani, waliokuwa wameitwaa Uingereza mwaka 1066, walimpeleka sungura katika nchi hiyo kwa ajili ya nyama na ngozi. Hapo mnyama wa nchi ya jua alikutana na baridi ya kweli: mvua ya miezi, ukungu, barafu na theluji. Udongo wa sehemu nyingi ulikuwa mzito na umejaa maji, na mashimo yalilowa.

Mabwana wa ardhi na watawa waliowamiliki hawakuwaweka ndani ya nyumba. Waliwajengea vilima. Wafanyakazi walirundika udongo laini mpaka ukawa tuta refu, mara nyingi likizungushiwa mfereji wa kutoa maji. Ndani ya tuta sungura aliweza kuchimba kwa urahisi, na chumba chake kilibaki kikavu. Matuta hayo bado yanaonekana hadi leo, kwa mfano katika nyanda za Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, mahali penye upepo na mvua nyingi.

Mashamba hayo ya sungura yalikuwa na walinzi wao. Mlinzi aliwafukuza mbweha, akawakamata wawindaji haramu, na majira ya baridi, majani yalipokwisha, akawapelekea majani makavu na matawi. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Karibu na mji wa Thetford, mashariki mwa Uingereza, lipo jengo la mawe lililojengwa karibu mwaka 1400 kwa ajili ya mlinzi wa sungura wa watawa. Kuta zake ni nene kama za ngome, kwa sababu wezi wa sungura walikuja na silaha. Majira ya baridi ndiyo yaliyokuwa wakati wa mavuno, maana ndipo manyoya yanapokuwa mazito na ngozi inapopata bei.

Kwa hiyo kwa karne nyingi jibu la watu kwa baridi lilikuwa la mambo matatu: mpe mahali pakavu, mpe chakula cha kutosha, mwache atoke. Sungura alizoea. Baada ya muda wengine walitoroka kwenye mashamba hayo, wakaenea nchi nzima, wakawa waharibifu wa mazao. Hakuna aliyewapa blanketi.

Jinsi sanduku lilivyoingia

Karne ya 19 ilibadilisha mambo. Viwanda vilivuta watu kutoka vijijini kwenda mijini. Familia za wafanyakazi ziliishi katika nyumba zilizobanana, zenye ua mdogo nyuma. Ng'ombe hakuwezekana, na hata nguruwe ilikuwa taabu. Sungura aliwezekana. Alikula maganda ya viazi na majani yaliyookotwa kando ya njia, hakupiga kelele, na jike mmoja alitoa watoto wengi kwa mwaka.

Lakini ua mdogo hauna nafasi ya tuta wala ya ukuta. Mtu alichukua sanduku la mbao la kusafirishia bidhaa, akalisimamisha kwenye miguu, akaweka wavu mbele na chumba kidogo cha giza pembeni. Ukubwa wake ulitokana na mbao zilizopatikana na sehemu iliyobaki kwenye ukuta. Mahitaji ya mwili wa mnyama hayakupimwa. Na kwa kusudi la wakati ule halikuwa jambo lililoonekana kuwa baya: sungura wa nyama anachinjwa akiwa na miezi michache tu. Maisha yake ndani ya sanduku yalikuwa mafupi.

Wapo walioliona tatizo mapema. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza mmoja aliyeitwa Morant alieneza aina nyingine ya banda, lisilo zito, lililowekwa moja kwa moja juu ya majani. Chini lilikuwa na wavu, hivyo sungura aliweza kula majani yaliyopenya lakini hakuweza kuchimba na kutoroka. Kila siku mfugaji alilisogeza mahali papya. Mnyama alipata chakula kibichi, ardhi safi isiyo na mkojo wa jana, na mahali pa kutembea. Banda la namna hiyo lilibeba jina lake.

Karibu na miaka hiyo sungura alianza kupata kazi nyingine, ile ya kuwa rafiki. Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa London, alikuwa na sungura aliyeitwa Benjamin Bouncer. Ipo picha ya mwaka 1891 inayomwonyesha mwanamke huyo nje na sungura wake akiwa amefungwa kamba kama mbwa wa matembezi. Baadaye alifuga mwingine aliyeitwa Peter, na mwaka 1902 kitabu chake cha watoto kuhusu sungura Peter kilichapishwa na kusomwa duniani kote. Watoto wengi walitaka sungura. Walichokipata ni mnyama pamoja na lile sanduku la mbao.

Vita na njaa

Vita viwili vya dunia vilimrudisha sungura jikoni. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, meli zilizoleta chakula Uingereza zilishambuliwa baharini. Mwaka 1940 nyama iliwekwa kwenye mgawo, na kila mtu alipewa kiasi kidogo kwa wiki. Serikali iliwahimiza wananchi kufuga nyumbani. Kuku na sungura walijaa nyuma ya nyumba, na waliojiunga na vyama vya wafugaji wa sungura walipata mgawo wa pumba kwa ajili ya wanyama wao. Mgawo wa nyama uliendelea hata baada ya vita, mpaka mwezi wa saba mwaka 1954.

Familia iliyoishi kambini au kwa wenyeji inaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Wakati wa vita mnyama mdogo, anayekula majani na anayebebeka, ana thamani kuliko ng'ombe ambaye hawezi kufichwa. Hakuna wa kumlaumu mama wa mwaka 1942 aliyefuga sungura wanne katika kisanduku ili watoto wale nyama.

Tatizo lilikuja baada ya amani. Njaa iliisha, nyama ilirudi madukani, lakini masanduku yalibaki nyuma ya nyumba. Yakapewa watoto, na ndani yake akawekwa sungura wa kuchezea. Sanduku lililotengenezwa kwa mnyama wa miezi mitatu sasa lilikuwa makao ya mnyama anayeweza kuishi miaka minane, kumi, hata zaidi. Hakuna aliyekaa na kufikiri upya. Maduka yaliuza masanduku ya umbo lile lile, na wazazi walinunua walichokiona kwa wazazi wao.

Majira ya joto hali haikuwa mbaya sana. Watoto walimtoa sungura, wakamwekea uzio kwenye majani, akakimbia. Baridi ilipokuja, mambo yaligeuka. Uingereza mwezi wa kumi na mbili jua linazama karibu saa kumi alasiri. Mtoto alienda shule asubuhi mapema na kurudi giza likiingia. Saa zile zile ambazo mwili wa sungura unamwambia akimbie, alfajiri na jioni, ndizo saa ambazo watu hawakutaka kuwa nje. Gunia lilitandazwa mbele ya wavu, chakula kikasukumwa ndani haraka, mlango ukafungwa. Hivyo ndivyo sungura alivyokaa miezi minne au mitano bila kuruka hata mara moja, na mwenye nyumba akiamini kwamba amemtendea wema.

Mwili unavyosema

Uchunguzi wa madaktari wa mifugo umeeleza kile kinachotokea ndani ya mwili huo. Mifupa ya sungura ni myepesi sana, karibu asilimia 8 ya uzito wake, wakati ile ya paka inafika karibu asilimia 13. Misuli ya miguu yake ya nyuma, kinyume chake, ina nguvu nyingi. Mfupa unakuwa imara kwa kutumika. Sungura asiyekimbia mifupa yake inakonda, na siku akishtuka na kurusha mateke, nguvu ya misuli yake mwenyewe inaweza kumvunja uti wa mgongo.

Tumbo nalo linategemea mwendo. Sungura anakula majani yenye nyuzi mchana na usiku, na utumbo wake haupaswi kusimama. Akikaa bila kutembea, na akala zaidi vyakula laini kuliko majani makavu, utumbo unapunguza kazi, gesi inajaa, anaacha kula, na anaweza kufa baada ya siku moja au mbili. Wengi wanaomkuta amekufa asubuhi wanasema ni baridi. Mara nyingi tumbo ndilo lililosimama.

Kuna na miguu. Sungura hana nyayo ngumu kama za mbwa. Chini ya miguu ana manyoya tu. Akikaa mahali pamoja penye mkojo, manyoya yanaisha, ngozi inapasuka, vidonda vinaingia. Mkojo uliojaa kwenye kisanduku kilichofunikwa unatoa harufu kali inayowasha macho na mapafu. Watu wanaziba matundu yote ili kuzuia upepo, na kwa kufanya hivyo wanafungia ndani unyevu na harufu ile, mpaka mnyama anaanza kupiga chafya na kutoa makamasi.

Na baridi yenyewe? Joto la mwili wa sungura ni karibu nyuzi 39. Hali ya hewa inayompendeza ni kati ya nyuzi 10 na 20 hivi. Hatoi jasho kama binadamu, na kuhema hakumsaidii sana. Joto linalozidi analipunguza kwa masikio yake makubwa. Ndiyo maana joto la kupita nyuzi 30 linamtisha kuliko baridi. Baridi ikija taratibu, manyoya ya ndani yanaongezeka, anajikunja, anabana masikio mgongoni na kula zaidi, kwa sababu majani yanayosagwa tumboni yanatoa joto. Kinachomshinda ni baridi inayoambatana na kulowa au upepo unaopita moja kwa moja. Manyoya yaliyolowa hayazuii baridi. Watoto wachanga, wazee, wagonjwa na waliokonda pia hawana akiba ya kuvumilia.

Kufungua mlango

Mabadiliko ya fikra yalianzia kwa wanyama wengine. Mwaka 1964 mwanamke Mwingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kilichoeleza maisha ya kuku, ndama na nguruwe waliofungiwa katika nafasi finyu. Wananchi walishtuka, na serikali ikaunda kamati iliyoongozwa na profesa Brambell. Taarifa yake ya mwaka 1965 ilisema kwamba mnyama anayefugwa awe walau na uhuru wa kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Maneno hayo ni mepesi, lakini sungura wengi wa watoto, ambao hakuna aliyewahesabu kama wanyama wanaoteseka, hawakuwa na uhuru huo.

Huko Uswidi, nchi ya theluji, watu walikwenda njia yao. Katika miaka ya 1970 walianzisha mchezo wa kuwarusha sungura vizuizi, wakifuata mfano wa mashindano ya farasi. Sungura anafungwa mkanda mwepesi na kuruka vijiti kimoja baada ya kingine. Waliokuwa wakimwona kama mpira wa manyoya unaokaa pembeni walishangaa kuona kilichokuwa kimefungiwa sandukuni.

Mwaka 2006 Uingereza ilipitisha sheria ya ustawi wa wanyama inayomtaka mwenye mnyama yeyote kumpa mazingira yanayofaa, chakula, nafasi ya kuishi kufuatana na maumbile yake, wenzake au upweke kulingana na aina yake, na kinga dhidi ya maumivu na ugonjwa. Chama cha wapenda sungura cha nchi hiyo kiliendesha kampeni ya kusema kwamba sanduku pekee halitoshi. Kipimo wanachokishauri kwa sungura wawili ni eneo la mita 3 kwa mita 2, lenye kimo cha mita 1, lililounganishwa na mahali pa kulala, na liwe wazi kwao wakati wote, baridi au joto. Sungura mwenyewe achague lini atoke na lini arudi. Kwa njia ya mzunguko mrefu, watu walirudi kwenye tuta la karne ya 12: mahali pakavu, na mlango usiofungwa.

Kwa wafugaji wa milima ya Kivu

Sungura wa kufugwa alifika Afrika ya Kati kutoka Ulaya, na aliye leo kwenye kibanda cha Masisi au Kabare ni wa ukoo ule ule wa Iberia. Mwili wake haujabadilika. Baridi ya hapa haina theluji, na kwa mnyama huyo si ya kutisha. Hatari za hapa ni nyingine: umande mzito, upepo wa mlimani, sakafu ya tope, mbwa, mwewe na mwizi.

Familia iliyo kambini haina mita 3 kwa mita 2 za kumpa sungura, maana pengine yenyewe imelala watu saba katika nafasi kama hiyo. Lakini fikra ya Morant haihitaji fedha. Tenga la matete au la mianzi lisilo na sakafu, linalofunikwa juu na kuwekewa jiwe, linatosha kumtoa mnyama. Linasogezwa kila siku mahali penye majani. Mtoto anaweza kukaa karibu kulinda. Kwa kuwa sungura anachimba, asiachwe peke yake. Saa moja asubuhi umande ukishakauka, na nyingine jioni kabla giza halijaingia, ni faida kubwa kuliko siku nzima chini ya gunia. Kama hata tenga halipo, mnyama anaweza kuachwa azunguke ndani ya nyumba mlango ukiwa umefungwa, mbali na moto.

Kikasha chenyewe kiinuliwe kutoka chini, na mgongo wake uelekee upepo unakotoka. Mbele paachwe wazi kiasi ili hewa ipite. Usiku gunia linaweza kushushwa nusu, asubuhi lipandishwe. Majani makavu ya kulalia yawe mengi, na yaliyolowa yatolewe kila siku. Maji yasikose, kwa sababu sungura asiyekunywa anapunguza kula, na asiyekula hana moto wa kujipasha. Matembele na lenga-lenga vinafaa, lakini majani makavu yenye nyuzi ndiyo yawe msingi wa chakula chake.

Kosa moja la kuepuka ni kumhamisha ghafla kati ya baridi na joto. Aliyezoea nje akiingizwa usiku karibu na mbabula, manyoya yake mazito yanamchemsha, moshi unamwingia, na kesho akirudishwa nje anaumwa. Kama ni lazima aingie ndani, awekwe pembeni, mbali na moto. Jike mwenye watoto wachanga asilazimishwe kutoka kiotani. Na sungura yeyote aliyelowa akaushwe kwa kitambaa kabla ya kurudishwa.

Anayetaka kujua kama mfugo wake yuko salama asimwangalie akiwa amejikunja ndani, kwa sababu kila sungura anajikunja baridi ikija. Amtoe, amweke kwenye majani makavu, asubiri kidogo. Mzima atanusa, atatembea hatua chache, na baada ya muda anaweza kuruka hewani na kujipinda kiuno bila sababu inayoonekana. Asiyesogea, aliyeacha kula au ambaye kinyesi chake kimekuwa kidogo na chembamba, apelekwe siku hiyo hiyo kwa mganga wa mifugo au mfugaji mwenye uzoefu, bila kusubiri kiangazi kipite.